Utafiti wa Mkutubi na Hatima ya Kitabu cha Kiswahili katika Maktaba za Vyuo Vikuu

Ikisiri

Makala haya yanajadili thamani ya utafiti katika ukutubi wa vyuo vikuu kwa kuchunguza suala moja mahususi, yaani namna maandishi ya Kiswahili yanavyoorodheshwa, yanavyoainishwa na yanavyotafutwa katika maktaba za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, hasa katika nchi ambazo Kiswahili kinaingia sasa katika mitaala kwa nguvu ya sera. Hoja yetu ni kwamba katalogi ni andiko la kilugha, na kwamba zana nyingi za kuiandaa zilibuniwa kwa lugha zinazobadilisha mwisho wa neno, ilhali Kiswahili hubadilisha sana mwanzo wake. Tunaonyesha athari za tofauti hiyo katika utafutaji wa vitabu, katika majina ya waandishi na ya tungo, katika namba za uainishaji na katika misimbo ya lugha. Tunapendekeza aina za utafiti ambazo mkutubi akishirikiana na mwanaisimu anaweza kuzifanya kwa gharama ndogo, na tunaeleza kwa nini matokeo yake yanawahusu watunga sera.

Istilahi muhimu: ukutubi, katalogi, uainishaji, ngeli, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Mwaka 2017 Rwanda ilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Mwezi Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikiingiza Kiswahili, pamoja na Kifaransa, katika lugha rasmi za Jumuiya. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tangu hapo mijadala imekuwa mingi: walimu watatoka wapi, vitabu vya kiada vitaandikwa na nani, mitihani itatungwaje. Katika mijadala hiyo maktaba ya chuo kikuu hutajwa kwa nadra, na inapotajwa huwa ni kwa sentensi moja ya kuomba vitabu zaidi.

Ombi hilo ni la haki, lakini lina dhana iliyojificha ndani yake. Linachukulia kwamba kitabu kikishanunuliwa na kuwekwa rafuni kimekwisha kumfikia msomaji. Baina ya kufika rafuni na kumfikia msomaji ipo kazi nzima ya ukutubi: kukipa kitabu namba, kukiandikia rekodi, kuamua jina la mwandishi liingizwe vipi, kuteua maneno yanayotaja mada yake. Kila mojawapo ya kazi hizo ni uamuzi kuhusu lugha. Uamuzi ukiwa mbaya, kitabu kipo na hakipo.

Makala haya yameandikwa na mtafiti wa lugha, si mkutubi. Hata hivyo, mtu anayefanya kazi katika maktaba za kanda hii kwa miaka hujifunza kwamba nusu ya ujuzi wake wa utafiti ni ujuzi wa kuzunguka kasoro za katalogi. Ujuzi huo hupokezwa kwa mdomo kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi: “Usitafute kwa jina la kwanza,” “jaribu kwa D badala ya Z,” “muulize yule mzee wa chumba cha nyuma.” Maktaba inayotegemea mapokezi ya namna hiyo inahitaji kuchunguzwa kitaalamu, na anayefaa zaidi kuichunguza ni mkutubi mwenyewe.

2.0 Mkutubi kama mtafiti

Wazo kwamba mkutubi ni mtafiti si geni. Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha shule ya uzamili ya ukutubi katika miaka ya 1920, na shule hiyo ilikuwa ya kwanza kutoa shahada ya uzamivu katika fani hii. Mwaka 1931 S. R. Ranganathan wa India alichapisha kanuni zake tano za ukutubi, zilizotokana na kuwatazama wasomaji wa Chuo Kikuu cha Madras walivyotumia, na walivyoshindwa kutumia, vitabu vyao.

Mfano unaonyesha vizuri zaidi kile ambacho utafiti wa namna hii unaweza kukitikisa ni uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1979 chini ya uongozi wa Allen Kent. Wachunguzi walivifuatilia vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969 na wakakuta kwamba takriban asilimia 40 havikuazimwa hata mara moja katika miaka sita ya mwanzo. Matokeo hayo yalipingwa, na baadhi ya pingamizi zilikuwa na uzito, kwa mfano kwamba kitabu kinaweza kusomwa ndani ya maktaba bila kuazimwa. Hata hivyo, baada ya hapo haikuwezekana tena kwa maktaba kubwa kudai fedha kwa hoja kwamba kila kitabu kina faida yake siku moja. Mjadala wa bajeti ulihama kutoka kwenye imani ukaingia kwenye ushahidi.

Kwa maktaba zetu swali la Pittsburgh lina upande wa pili. Kitabu cha Kiswahili kisichoazimwa kwa miaka sita huenda hakitakiwi. Huenda pia kinatakiwa sana, na wanaokitaka wameshindwa kukipata. Takwimu za uazimaji peke yake haziwezi kutofautisha hali hizi mbili, na hatua ya kuchukuliwa katika kila hali ni tofauti kabisa: katika hali ya kwanza unaacha kununua, katika ya pili unarekebisha rekodi. Maktaba isiyojua iko katika hali ipi itatumia fedha mahali pasipo tatizo.

Kampala ina historia inayoifanya hoja hii iwe ya karibu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, ambayo baadaye ilizaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ilikuwa na makao yake Makerere tangu mwaka 1952 hadi 1962. Kwa sheria ya mwaka 1958 maktaba ya Makerere ikawa mahali pa kupokea nakala za machapisho ya nchi. Mwaka 1963 Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa hapo hapo. Kwa hiyo kamati ya Kiswahili na shule ya wakutubi zilipishana kwa takriban mwaka mmoja katika mlima mmoja. Ni vigumu kutofikiri jinsi ambavyo uorodheshaji wa vitabu vya Kiswahili ungekuwa leo kama zingekaa pamoja walau kwa muongo mmoja.

3.0 Ngeli na utafutaji

Tuanze na mwanafunzi anayetaka vitabu kuhusu ushairi wa Kiswahili. Katika kisanduku cha kutafutia anaandika neno “shairi”. Mfumo unamletea vitabu vyenye neno “shairi” katika majina yake. Haumletei vyenye “mashairi”, wala “ushairi”, wala “mshairi”, wala “washairi”. Mwanafunzi mwenye maarifa kidogo anaongeza alama ya nyota mwishoni mwa neno, kama alivyofundishwa katika semina ya matumizi ya maktaba, ili apate maumbo yote ya neno hilo. Kwa Kiingereza mbinu hiyo hufanya kazi vizuri, maana wingi na minyambuliko mingi huonekana mwishoni. Kwa Kiswahili nyota iliyowekwa mwishoni mwa “shairi” haileti chochote cha maana, kwa sababu tofauti iko mwanzoni.

Sababu ya kiufundi ni nyepesi kuieleza. Faharasa ambayo kompyuta huitumia hupangwa kwa herufi ya kwanza ya neno, kama kamusi. Kuyapata maneno yote yanayoanza na “som-” ni jambo la haraka: yamekaa pamoja. Kuyapata yote yenye “-som-” katikati kunahitaji kuipitia faharasa nzima, na kwa sababu hiyo mifumo mingi hairuhusu nyota mwanzoni mwa neno, au huiruhusu kwa masharti. Matokeo yake ni kwamba anayetafuta “som*” atapata soma, somo na somesha, lakini hatapata msomaji, usomaji, masomo, kisomo wala wasomi. Maneno haya ni ya familia moja, na kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua hivyo. Katalogi haijui.

Kwa Kiingereza tatizo la maumbo ya neno lilishughulikiwa mapema. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni ya kukata viambishi tamati vya Kiingereza ili maumbo mbalimbali ya neno moja yahesabiwe pamoja, na kanuni hiyo au jamaa zake zimo katika programu nyingi za utafutaji hadi leo. Maktaba inayonunua mfumo, au inayoweka programu huria kama Koha iliyoanzia New Zealand, huupokea pamoja na mazoea hayo ya lugha. Hakuna aliyekusudia kuidhulumu lugha yoyote. Lugha yetu haikuwapo mezani wakati kanuni zikiandikwa.

Msomaji anaweza kusema: basi tuandike kanuni ya kukata viambishi awali. Hapa ndipo utafiti wa lugha unapohitajika kwa dhati, kwa kuwa jibu la haraka ni baya kuliko kutokuwa na jibu. Tukiiambia kompyuta ikate “ki-” na “vi-” kila inapozikuta, “kitabu” na “vitabu” vitabaki “tabu”, na anayetafuta vitabu ataletewa taabu za walimwengu. Chimbuko la kosa hilo linafahamika kwa wanaisimu: “kitabu” ni neno la Kiarabu ambalo “ki” yake ni sehemu ya mzizi, na Kiswahili kililipokea kana kwamba lina kiambishi cha ngeli, kikaliundia wingi wake. Tukikata “m-” tutaigeuza “mboga” kuwa “boga”, na mtafiti wa kilimo hatafurahi. Kwa upande mwingine, yapo maneno ambayo ukataji wowote wa kimakanika hautayaunganisha: jicho na macho, jino na meno, ulimi na ndimi, wimbo na nyimbo. Neno hilo la mwisho si la mfano tu. Katika mkusanyiko wa fasihi simulizi, “wimbo” na “nyimbo” zinaweza kuwa ndio mgawanyo mkubwa wa majina ya vitabu na tasnifu.

Wanaleksikografia walikutana na swali hili zamani. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliyakusanya maneno mengi ya unyambuaji chini ya shina lake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliziingiza nomino kwa herufi zake za kwanza, kwa kumhurumia mtumiaji asiyejua shina. Kila njia ilijadiliwa, ikatetewa na kupingwa. Wakutubi walirithi swali lile lile bila kupewa mjadala wake.

Wala si kweli kwamba zana hazipo. Tangu katikati ya miaka ya 1980 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki amekuwa akiunda programu ya kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili, inayotambua kwamba “vitabu” ni wingi wa “kitabu” na si wa “tabu”. Uchanganuzi huo umetumiwa kuandaa kongoo kubwa la matini za Kiswahili. Kinachokosekana ni daraja la kuufikisha kwenye kisanduku cha kutafutia cha maktaba ya chuo. Daraja hilo halitajengwa na wanaisimu peke yao, maana hawajui katalogi inavyotumika, wala na wakutubi peke yao.

Kwa hali hiyo utafiti wa kwanza tunaoupendekeza ni uchambuzi wa kumbukumbu za utafutaji. Mifumo mingi inaweza kuhifadhi maneno ambayo wasomaji wameyaandika na idadi ya matokeo waliyopata. Mkutubi akichukua muhula mmoja, akatenga maneno ya Kiswahili, akaangalia yale yaliyoleta sifuri, atapata makundi matatu. Kundi la kwanza ni vitabu ambavyo maktaba haina kweli. La pili ni vitabu ambavyo maktaba inavyo, ila vimeandikwa kwa umbo jingine la neno. La tatu ni makosa ya tahajia na maneno ya lahaja. Ukubwa wa kila kundi ndio unaopaswa kuamua fedha ziende kwenye ununuzi, kwenye marekebisho ya rekodi au kwenye mafunzo ya wasomaji. Kazi hii haihitaji vifaa vipya. Inahitaji muda, daftari, na idhini ya kufuta utambulisho wa wasomaji kabla ya kumbukumbu kusomwa, kwani anachokitafuta mtu katika maktaba ni siri yake.

4.0 Majina ya watu na ya tungo

Kanuni za kimataifa za uorodheshaji zinadhani kwamba mtu ana jina la ukoo, na kwamba jina hilo huja mwisho. Katika eneo letu dhana hiyo hukwama mara moja. Shaaban Robert (1909–1962) ameorodheshwa katika faharasa za vitabu mbalimbali kwa R na kwa S. Okot p’Bitek anaweza kukutwa kwa O, kwa P au kwa B, ingawa “p’Bitek” maana yake ni mwana wa Bitek, na aliyeandika kitabu ni Okot. Ngũgĩ wa Thiong’o ana shida hiyo hiyo. Katika mapokeo ya Rwanda na Burundi mtoto hupewa jina lake mwenyewe, lisilo la baba wala la babu, hivyo neno “ukoo” katika fomu ya mkutubi linauliza kitu kisichokuwapo. Kwa waandishi wa pwani wenye majina ya “bin” na “binti”, hali hutegemea kama aliyeorodhesha alikuwa anafuata kanuni za majina ya Kiarabu au la.

Majina ya tungo ni magumu zaidi. Chukua utungo wa Mwana Kupona binti Msham wa mwaka 1858. Matoleo yake yameitwa “utendi” na “utenzi”. Jina la mtunzi huandikwa kwa neno moja au kwa mawili. Na toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 lina jina la Kiingereza. Nadharia ya uorodheshaji tangu mwisho wa miaka ya 1990 husisitiza kwamba kazi moja iliyo katika matoleo mengi iunganishwe kwa jina moja la pamoja. Kwa tamthilia za Shakespeare jambo hilo limefanyika kitambo. Kwa tenzi za Kiswahili mtu lazima kwanza aamue jina la pamoja ni lipi, na uamuzi huo si wa karani. Kuchagua “utendi” ni kuichagua lahaja ya kaskazini ambamo tungo nyingi kongwe zilitungwa. Kuchagua “utenzi” ni kuchagua usanifu uliokuja baadaye. Binafsi ningechagua umbo la lahaja ya utungo wenyewe na kuyafanya mengine kuwa marejeo, lakini nakubali kwamba mwanafunzi wa Kampala au Bujumbura, aliyejifunza Kiswahili sanifu darasani, ataanza na “utenzi”. Bila kujua wasomaji wanaanza na neno gani, tunabishana hewani.

Miswada iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu inaongeza tabaka jingine. Katika maandishi mengi ya zamani irabu “e” na “i” hazitofautishwi, wala “o” na “u”, na konsonanti kadhaa za Kiswahili hazina herufi yake maalumu. Neno moja linaweza kunukuliwa kwa herufi za Kirumi kwa njia nne, zote zikiwa na hoja. Isitoshe, tenzi nyingi huanza kwa Bismillahi, kwa hiyo mstari wa kwanza, ambao katika mapokeo mengine hutumika kuutambulisha mswada, hapa hautambulishi kitu. Ndiyo maana orodha ya J. W. T. Allen ya miswada na kanda za maktaba ya Dar es Salaam, iliyochapishwa Leiden mwaka 1970, inapaswa kusomwa kama kazi ya utafiti wa kiwango cha juu. Vivyo hivyo kwa mradi wa kuorodhesha miswada ya Kiswahili iliyoko katika Chuo cha SOAS, London, uliofanyika mwanzoni mwa karne hii. Wanaozitumia orodha hizi kila siku mara nyingi huzitaja kama “vyanzo” tu, wakasahau kwamba kuna mtu aliyekaa na kila karatasi akaamua ni utungo gani.

5.0 Namba 496.392

Mfumo wa uainishaji wa Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, huzipa lugha kundi la 400. Kiingereza kimepewa 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, na kuendelea hadi Kigiriki, 480. Lugha nyingine zote za dunia zimewekwa pamoja katika 490. Ndani yake lugha za Afrika zina 496, na Kiswahili 496.392. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani huiweka lugha na fasihi ya Kiswahili katika PL8701 hadi PL8704, ndani ya kundi moja na lugha za Asia ya Mashariki na za Oceania.

Malalamiko kuhusu mpangilio huu ni ya zamani na sitayarudia. Linalonishughulisha ni athari yake ya kila siku rafuni. Namba ndefu haikai vizuri katika mgongo wa kitabu chembamba, na vitabu vingi vya Kiswahili ni vyembamba. Kwa hiyo mkutubi mwenye haraka huikata. Namba 496.392 ikikatwa ikabaki 496, Kiswahili, Luganda, Kinyarwanda na Kizulu vinachanganyika katika rafu moja kwa kufuata jina la mwandishi. Msomaji anayepitia rafu kwa macho, na wengi wetu bado tunafanya hivyo, hupoteza faida yote ya uainishaji.

Jambo ambalo halijulikani sana nje ya ukutubi ni kwamba Dewey yenyewe inaruhusu njia nyingine. Maktaba inayotaka kuipa lugha fulani kipaumbele inaweza kuiweka lugha hiyo katika 410 na fasihi yake katika 810, au kuitanguliza kwa herufi kabla ya 420. Chuo cha ualimu ambacho Kiswahili ndicho somo lake kubwa la lugha kina haki kamili ya kufanya hivyo. Je, kifanye? Gharama yake ni kubandika upya namba na kuachana na rekodi zinazonakiliwa kutoka nje. Rekodi hizo ni muhimu: ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1966 imekusanya na kuorodhesha machapisho ya kanda kwa muda mrefu, na maktaba yenye watumishi wachache hupata nafuu kubwa kwa kunakili. Ni hesabu inayoweza kufanywa kwa ushahidi: vitabu vingapi, saa ngapi za kazi, wasomaji wangapi hutumia rafu na wangapi hutumia kompyuta. Tunachokiona mara nyingi ni uamuzi unaofanywa bila hesabu, kwa sababu ndivyo tulivyokuta.

Vichwa vya mada navyo vina vioja vyake. Katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani Kiswahili hutajwa bila kiambishi, chini ya S, na Luganda chini ya G. Kinyarwanda, kinyume chake, kimebaki na kiambishi chake chini ya K. Msomaji hawezi kuibashiri kanuni, kwa sababu hakuna kanuni moja.

6.0 Msimbo wa lugha na Kiswahili cha Kongo

Kila rekodi ya katalogi ya kompyuta ina nafasi ya herufi tatu zinazotaja lugha ya kitabu. Kwa Kiswahili ni “swa”. Nafasi hiyo ndiyo pekee inayoweza kujibu swali ambalo mtunga sera huliuliza kwanza: tuna vitabu vingapi vya Kiswahili? Kitabu cha ufugaji wa nyuki kilichoandikwa kwa Kiswahili hakiwekwi katika 496.392, kinakwenda kwa nyuki. Kikiachwa na msimbo wa Kiingereza kwa sababu fomu huanza na Kiingereza, kimetoweka katika hesabu. Hapo ndipo chuo huandika katika ripoti kwamba hakina vitabu vya taaluma kwa Kiswahili, na ripoti hiyo hutumika kama ushahidi kwamba Kiswahili hakifai kwa taaluma. Utafiti wa pili tunaoupendekeza ni mdogo kuliko wote: kuchukua sampuli ya vitabu vya Kiswahili kutoka rafu zote, si za lugha tu, na kulinganisha lugha ya kitabu na msimbo wa rekodi yake.

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022, suala la msimbo limepata uzito mpya. Viwango vya kimataifa vya kutaja lugha vinatofautisha Kiswahili cha Kongo, “swc”, na Kiswahili cha pwani, “swh”, vyote vikiwa chini ya “swa”. Orodha ya misimbo inayotumiwa zaidi katika katalogi ina “swa” peke yake. Kijitabu cha Lubumbashi na riwaya ya Unguja vinaonekana kuwa kitu kimoja. Kwa anayetaka kuhesabu Kiswahili chote, hilo ni jema. Kwa mtafiti wa lahaja, au kwa mwalimu anayetafuta matini ambazo wanafunzi wake wa mashariki ya Kongo watajitambua ndani yake, ni hasara. Rekodi ina sehemu nyingine, ya 041, inayoruhusu msimbo wa kina zaidi kuongezwa bila kuufuta ule wa jumla, kwa hiyo pande zote mbili zinaweza kuhudumiwa. Swali la nani ataamua kwamba matini fulani ni “swc” linabaki, na ni la wanaisimu. Mipaka ya lugha na lahaja katika eneo hilo haifuati mipaka ya nchi, na sitaki mkutubi alazimike kuikata kwa kuangalia anwani ya mchapishaji.

7.0 Muda, hadhi na rekodi za pamoja

Kikwazo kikubwa hakimo katika mbinu. Mkutubi wa chuo kikuu anayekaa dawati la huduma mchana kutwa hana siku ya kuchambua kumbukumbu. Hadhi yake inatofautiana kutoka chuo hadi chuo: kwingine anahesabiwa pamoja na wanataaluma na anatarajiwa kuchapisha, kwingine anahesabiwa pamoja na watumishi wa uendeshaji na utafiti wake unaonekana kama kukwepa kazi. Pale anapotarajiwa kuchapisha, mara nyingi huandika kuhusu mitazamo ya wasomaji kwa kutumia hojaji, kwa kuwa hojaji inamalizika upesi. Hojaji ina nafasi yake. Lakini msomaji hawezi kukuambia katika hojaji kuhusu kitabu ambacho hakujua kwamba kipo.

Idara za Kiswahili zina deni hapa. Tunawafundisha wanafunzi wa uzamili mofolojia ya ngeli kwa mihula kadhaa, kisha tunawatuma kuchambua riwaya zile zile. Tasnifu moja juu ya maumbo ya maneno katika utafutaji wa maktaba ya chuo chao, ikisimamiwa kwa pamoja na idara na maktaba, ingewafaa wasomaji wengi kuliko tasnifu kadhaa ninazoweza kuzikumbuka, pamoja na baadhi nilizozisimamia. Data iko ghorofa moja chini ya ofisi zetu.

Kwa upande wa sera, jambo linaloweza kufanyika ngazi ya kanda ni faili ya pamoja ya majina ya waandishi na ya tungo za Kiswahili, yenye umbo moja lililokubaliwa na marejeo kutoka kwa maumbo mengine yote. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar ina mamlaka ya kuwakutanisha wakutubi na mabaraza ya lugha. BAKITA limekuwa likisanifu istilahi tangu mwaka 1967 na lina uzoefu wa kuamua pale ambapo maumbo yanashindana. Faili hiyo ikianza na waandishi mia tano tu, kila maktaba inayonakili rekodi zake itakuwa imerekebisha sehemu kubwa ya fasihi iliyomo rafuni mwake. Litakalohitaji kukubaliwa mapema ni haki ya kuitumia: rekodi zilizotengenezwa kwa fedha za umma wa nchi saba au nane zisije zikafungiwa katika mfumo wa kampuni moja ambayo maktaba ndogo ya Gitega au Bukavu haiwezi kuulipia. Kipengele hicho ni rahisi kukiweka katika makubaliano ya mradi kabla ya rekodi ya kwanza kuandikwa, na ni vigumu mno kukiongeza baadaye.